Maji ya Rejeta Kileleni Tizi n'Test

Mtoto alinyamaza. Tangu walipotoka mjini Asni kwa gari alikuwa akilia, saa mbili nzima, kona baada ya kona, na sasa pale kileleni mwa njia ya mlimani ya Tizi n'Test akanyamaza ghafla, kama redio iliyochomolewa waya. Mama mwingine angeshukuru. Tuda alimkaza kifuani, akamzungushia shali lake, ilhali jua la Agosti lilikuwa utosini.

Sababu alikuwa ameiona kwa macho yake. Mumewe Idir, fundi wa usukani na fundi wa maneno, alikuwa amefungua kifuniko cha rejeta ya gari lililochemka, na maji yanayochemka yakamwagika juu ya mawe kando ya chemchemi. Bila bismillahi. Huko kwao hata mtoto wa miaka mitano hamwagi maji ya moto chini kabla hajalitaja jina la Mungu, ili wale wengine, majini wakaao chini ya ardhi, wapate kupisha.

"Baba Anir, hukusema bismillahi."

"Kidole kimeungua, wewe unanidai bismillahi! Ningesema saa ngapi?"

"Sema sasa."

"Bismillahi. Umeridhika, au nikakuletee na imamu?"

Mzee Hmad, muuza chai wa pale juu, hakucheka. "Mwanangu," alimwambia Idir kwa sauti ya chini, "maji yakimwagika hayazoleki. Teremkeni. Na mkimwona mtu njiani, msisimame."

Walitia maji baridi wakaanza kuteremka upande wa Taroudant, walikokuwa wanampeleka Anir kwa bibi yake kwa mara ya kwanza, siku arobaini zikiwa zimetimia jana. Bonde lote lilikuwa wazi chini yao. Idir alikuwa akionyesha kwa kidole, tazama kule, tazama hii, na Tuda hakutazama kitu. Ndani ya gari mlikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

"Unasikia harufu?"

"Breki hizo. Mlima huu, mke wangu, unakula breki."

Mtoto alikuwa amefumbua macho na hapepesi. Halafu alikuwa mzito. Mapaja ya Tuda yalianza kufa ganzi.

Kwenye kona ya tatu palikuwa na mwanamke amesimama, mtoto mgongoni. Kona ya saba alikuwa yuleyule. Idir aliacha kuonyesha kwa kidole, akaacha na kuongea, jambo ambalo Tuda hakuwahi kuliona tangu aolewe, na gari likazidi kukimbia, na kila ukuta wa mwamba ulipopisha njia yule mwanamke alikuwa mbele yao, karibu zaidi na ukingo wa lami, mpaka walipompita kiasi cha kumgusa, dirisha likiwa wazi, na Tuda akasikia kilio kutoka mgongoni kwa yule mwanamke, kilio kilekile cha kukatika katikati kama kwikwi, ambacho kilikuwa kimemnyima usingizi siku arobaini na ambacho angekitambua hata kaburini. Alifunua shali. Mtoto aliyekuwa mapajani mwake alikuwa amejaa malengelenge kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Simama."

"Mzee kasema tusisima..."

"Idir, mwanangu yuko nje! Simama!"

Hakungoja. Alivuta breki ya mkono mwenyewe, gari likaserereka, likakomea hatua mbili kutoka korongoni.

Alishuka na yule mtoto mikononi; yule mwanamke alikuwa akimngoja. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyelia sana, na hilo ndilo lililomtisha Tuda kuliko lolote.

"Mmeniunguzia mwanangu," alisema, kama mtu anayenong'ona karibu na mgonjwa. "Kaa na huyo uliyemuunguza. Huyu nitamlea mimi."

 Aya zote zilimtoka Tuda kichwani. Kilichobaki ni jambo moja analolijua kila mwanamke wa kwao: walionyonya ziwa moja ni ndugu, na mama wa mmoja ni mama wa wote. Alifungua vifungo vya nguo, akampakata yule wa malengelenge, akampa titi. Kinywa kilikuwa baridi. Kilinyonya.

"Mwanao sasa ni mwanangu," alisema huku akilia, "na mwanangu ni mwanao. Mtu hamwibi mwanawe mwenyewe. Nirudishie."

Upepo ulikata. Mwanamke alimtazama mtoto wake akinyonya kwa muda mrefu sana, kisha akamfungua Anir mgongoni, akampokeza, akamchukua wake.

"Kweli," alisema. "Wewe ni mama yake. Basi huyu wangu asilale njaa."

Alasiri walifika Taroudant. Bibi alichoma uvumba, akamzungushia mjukuu chumvi mara saba, akampakata akiimba. Na Idir, aliyerudiwa na ulimi wake, akaanza kusimulia jinsi alivyoliokoa gari lisitumbukie. Kila mtu alisema alhamdulillahi. Tuda alikuwa ameketi peke yake upande wa pili wa chumba, mikono mitupu, ndipo maziwa yakaanza kumtoka na kinywa kilekile baridi kikamshika titi.

Alifungua mdomo apige kelele. Kisha akahisi jinsi kinavyovuta, polepole, kwa kupumzika pumzika, kama mtoto mwenye maumivu. Tuda alivuta shali lake taratibu, akakifunika kile asichokiona.