Nguzo ya Kumi na Nne

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi katika bwawa la maji machafu, mikono imetanuka kama ya mtu anayepapasa kitu chini. Bwawa lilikuwa na ukubwa wa kiwanja cha mpira, limetandikwa plastiki nyeusi ukingo hadi ukingo. Humo ndimo kituo cha kuchimba mafuta kilimomwaga maji yanayopanda kutoka ardhini pamoja na mafuta. Yaling'aa rangi saba juani, na harufu yake ilikaba koo.

"Ameteleza," alisema meneja wa kituo. "Plastiki hiyo ni utelezi mtupu, Inspekta. Vibao tumeweka, lakini watu hawasomi."

Askari wawili walimvuta marehemu hadi ukingoni, wakamgeuza. Inspekta aliinama kumtazama. Alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Uso ule aliujua.

"Nani huyu?" aliuliza hata hivyo.

"Fundi wetu wa maabara, mpima maji. Hapa wote tulimwita Chupa, maana alikuwa hakosi chupa mkononi. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya humu ndani. Yeye akawa anapima hadi visima vya watu huko nje. Nilimwonya mara mbili."

"Kwa nini?"

"Haikuwa kazi yake."

Jibu lile lilimchoma Inspekta mahali ambapo meneja hakupajua. Miezi minane nyuma, Chupa huyu huyu alisimama mbele ya meza yake na chupa mbili za maji yenye utando. Alisema bomba la mafuta linavuja mahali, na watu wanakunywa. Siku hiyo Inspekta alikuwa na majalada ya wizi wa magari hadi kidevuni. Hata macho hakuyanyanyua vizuri. "Hapa ni polisi, kaka, si maabara," alimwambia. "Peleka kwa wanaohusika." Chupa alizikusanya chupa zake, akaaga kwa adabu, akatoka.

"Afande, mbona kimya?" aliuliza Sajenti, msaidizi wake, mtu mnene ambaye kimya kilimtisha kuliko risasi.

"Piga picha soli za buti zake."

Soli zilikuwa zimeshika udongo mwekundu, mzito, uliolowa mafuta hata maji ya bwawa yakashindwa kuutoa. Inspekta alitazama huku na huku. Kituo kizima kilikuwa saruji na kokoto.

"Huyu hakuja hapa kwa miguu yake," alisema. "Aliletwa."

Mchana ule daktari wa uchunguzi wa maiti, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, alithibitisha.

"Mapafu yake hayana maji. Aliingia bwawani akiwa amekwisha kufa. Pigo moja la kisogoni, kwa chuma kizito. Jana, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni."

"Alikuwa amesimama?"

"Ameinama. Pigo limetoka juu." Kwa kibano daktari aliinua chembe ndogo kuliko punje ya mchele. "Na hii nimeikuta ndani ya jeraha. Rangi ya njano."

Sajenti alirudi kutoka kituoni na jibu kabla jasho halijamkauka.

"Spana za wakaguzi wa bomba zote zimepakwa njano, Afande. Wakaguzi wako watatu. Mmoja yuko likizo mbali. Wa pili jana alikuwa mafunzoni makao makuu, watu arobaini wamemwona. Wa tatu anaitwa Mwendo kwa jinsi anavyotembea. Na huyo Mwendo ni shemeji wa marehemu. Kamwoa dada yake."

"Dada wa baba mmoja?"

"Tumbo moja. Wamebaki wawili tu duniani." Sajenti alijikohoza. "Walikuwa wamebaki."

Mwendo alikutwa kwenye chumba cha wakaguzi, mrefu, macho mekundu, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Mezani palikuwa na daftari la ukaguzi. Inspekta alilifungua. Kila wiki, kwa mwandiko ule ule: *Nguzo ya 12 hadi ya 16. Nimepita kwa miguu. Bomba salama.* Kisha sahihi.

"Pole kwa msiba," alisema Inspekta. "Spana yako iko wapi?"

"Imepotea, mama. Wiki iliyopita."

"Uliripoti?"

"Bado."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Njiani. Nakagua."

"Ulirudi na nini?"

"Na pikapu ya kazi. Kama kawaida."

"Nyuma ulibeba nini?"

"Turubai na vyuma." Aliinywa chai ile baridi kwa mkupuo mmoja. "Mlinzi wa lango alinifungulia. Muulizeni."

"Tumemuuliza. Anasema siku hizi hafunui turubai lako, amekuzoea. Basi tupeleke tukaone hilo bomba."

Bomba lenyewe lilikuwa limefukiwa. Kilichoonekana ni nguzo fupi za saruji, moja kila kilomita, zenye namba nyeupe. Waliteremka garini kwenye nguzo ya kumi na mbili, wakatembea. Mwendo alitangulia, hatua zake ndefu zikimwacha Sajenti akihema kama mashine ya kusaga. Walipopita nguzo ya kumi na tatu, Mwendo alikata kona kushika njia ya juu.

"Bomba linapita chini," alisema Inspekta.

"Chini kuna nyoka, mama."

"Nyoka wakimwona Sajenti watahama wenyewe," alisema Inspekta, akashuka.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Kisha majani, yaliyokauka kwa mduara mpana. Pembeni ya nguzo ya kumi na nne udongo mwekundu ulikuwa umegeuka mweusi, unateleza, na kijito chembamba cha mafuta kilikuwa kinatiririka kuelekea bondeni, kule kwenye visima na paa za watu. Chini palikuwa na vipande vya chupa iliyovunjika. Karibu navyo, jiwe lenye doa lililokauka.

"Asiguse mtu," alisema. "Ita mafundi wa maabara ya jinai."

Mwendo alikuwa amebaki juu.

"Unapita hapa kila wiki?" Inspekta alimpazia sauti.

"Kila wiki."

"Na hili hukuliona?"

"Ni jipya hilo. La juzi."

Inspekta alikishika kichaka kilichosimama kando. Matawi yalikuwa meupe, makavu, yakavunjikia mkononi kama biskuti. Kichaka kile hakikufa juzi. Kilikufa mwaka jana.

Alikuwa na mahali, na karibu alikuwa na mtu. Hakuwa na sababu. Mtu hamuui ndugu wa mkewe kwa sababu ya bomba la kampuni. Akamwacha Mwendo chini ya ulinzi kituo cha polisi, akaenda peke yake kwa dada wa marehemu.

Nyumba ilijaa wanawake waliokuja kwenye msiba. Dada alimwingiza chumbani, akafunga mlango, akafungua kabati. Rafu mbili nzima zilikuwa chupa, kila moja na karatasi: tarehe, jina la kisima, namba ya nguzo.

"Kaka alizileta hapa baada ya kukatazwa kuziweka kazini," alisema. "Hiyo ya mwisho ni ya kisima chetu. Alichukua wiki iliyopita."

"Alikwambia amepata nini?"

"Alisema jana jioni atakuja, tutakaa mimi na yeye na mume wangu, tuongee. Hakuja." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Alikuwa hajatulia tangu nilipopoteza mimba. Miezi saba ilikuwa. Hakuna daktari aliyesema ni maji. Wala hakuna aliyesema si maji."

"Ilikuwa lini, dada?"

"Tarehe kumi na tisa, miezi minne iliyopita. Nitaisahauje? Nililazwa alfajiri. Mume wangu hakuniachia mkono hadi giza likaingia."

Inspekta aliiandika tarehe. Kisha akafunga kijitabu chake, maana alilotaka kusema halikuwa la kuandika.

"Kaka yako alikuja kwangu, dada. Ofisini. Alikuja na chupa kama hizi. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Dada alimtazama kama anayesubiri neno la pili.

"Lini?"

"Miezi minane iliyopita."

Vidole vya dada vilianza kujihesabu vyenyewe juu ya goti. Nane. Nne. Vikasimama. Inspekta alingoja atukanwe, na kwa kweli alitamani atukanwe. Nje, wanawake walikuwa wanaulizana sufuria kubwa iko wapi.

"Kamtafute aliyemuua kaka yangu," dada alisema mwishowe. "Hayo mengine utaishi nayo, kama ninavyoishi."

Kabla ya kumhoji mtuhumiwa, Inspekta alilipitia daftari la ukaguzi ukurasa kwa ukurasa. Miezi minne nyuma. Tarehe kumi na tisa. Mwandiko haukutetemeka hata herufi moja.

Alilitua mbele ya Mwendo. Sajenti alikuwa amekaa pembeni na karatasi za maelezo. Inspekta alimsomea Mwendo onyo, kwamba halazimiki kusema lolote. Mwendo alitikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Nisomee siku hiyo," alisema Inspekta.

"Nimepita kwa miguu. Bomba salama."

"Ulipita saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Siku hiyo mkeo alikuwa wodini. Anasema hukumwachia mkono tangu alfajiri."

Mwendo aliangalia mikono yake, kama inayomsaliti ni ile ile iliyoshikwa.

"Aliyakuta haya, sivyo?" aliuliza Inspekta. "Chupa aliyasoma kama nilivyoyasoma mimi."

"Ndiyo."

"Sema."

"Walipunguza watu. Njia yangu ikawa ndefu mara mbili." Sauti yake ilikuwa ya chini mno, Sajenti akasogeza kiti. "Nikaanza kuruka wiki. Mara moja, mara mbili, halafu nikazoea. Siku niliyopita kweli, karibu mwaka sasa, nikakuta mafuta yanachuruzika pale nguzo ya kumi na nne. Hayakujaza kikombe cha chai. Nikamwambia meneja."

"Akasemaje?"

"Bomba likisimama siku moja, watakaowajibishwa ni sisi. Tusubiri matengenezo ya mwaka. Akaniambia niendelee kuandika salama. Nikaandika."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nilimwambia mke wangu awe anachemsha maji." Alicheka kicheko kibaya kisichokuwa na sauti. "Achemshe! Mimi ninayejua mafuta ni nini, namwambia achemshe. Mwenyewe nikawa nakunywa ya kazini. Kila nikimwona anashika kikombe nasema leo namwambia. Na nikimwambia, ataniuliza nimejuaje. Siku inapita. Na nyingine. Hadi ile ya hospitali. Yule mtoto nilimzika kwa mikono yangu, afande, halafu nikaenda kazini, nikafungua daftari, nikajaza siku niliyokosa."

Kalamu ya Sajenti ilikuwa imesimama.

"Andika," Inspekta alimwambia kwa upole. "Endelea, bwana."

"Jana aliniita pale nguzo ya kumi na nne. Nilijua ameshajua. Hakunigombeza, ningefurahi angenigombeza. Alisema, 'Shemeji, njoo tumwambie dada pamoja, ukiwa mwenyewe ndiye unayesema.' Nikapiga magoti. Nikamwambia mshitaki meneja, nishitaki mimi, nifungwe, lakini dada asijue. Akasema, 'Yeye ndiye aliyeyanywa, atakosaje kujua?' Halafu akanipa mgongo, akainama ajaze chupa nyingine. Nikainuka. Spana ilikuwa mkononi."

"Iko wapi sasa?"

"Ndani ya bwawa. Pamoja na... nilipomweka."

Inspekta alimtazama mtu yule, akatafuta hasira ndani yake asiipate ya kutosha. Naye alikuwa na sahihi yake ya aina hiyo, tofauti ni kwamba yake haikuandikwa popote.

"Sajenti, kamlete meneja. Na bomba lifungwe leo, hata wapige simu mbinguni."

"Sawa, Afande."

"Ukimaliza, chukua karatasi nyingine. Utaandika maelezo ya shahidi. Marehemu alifika kituo cha polisi miezi minane iliyopita kutoa taarifa, na afisa aliyempokea hakufungua jalada."

Sajenti alimtazama. "Afisa gani, Afande?"

"Mimi."

Mwendo alikuwa amewekewa kalamu asaini. Aliisogeza pembeni. "Mama, naomba kitu kimoja," alisema. "Mwambieni mke wangu tuligombana. Ugomvi wa kawaida tu. Haya ya maji msimwambie."

Inspekta alichukua kofia yake, akaenda mwenyewe kwa dada, kwa miguu, ingawa gari lilikuwepo.

Dada alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Wanawake wa msibani walikuwa wametolewa nje. Aliposikia kuhusu spana alishika fremu ya mlango. Aliposikia kuhusu daftari alifumba macho. Na Inspekta alipofika kwenye ombi la mwisho la mumewe, akalisema lilivyo bila kulipamba, dada alikaa chini sakafuni taratibu, kama mtu anayeshushwa.

"Daftari ningemsamehe," alisema. "Ningelia, ningemfukuza, ningerudi kwetu kwa kaka, watu wangekaa vikao mpaka wachoke. Mwisho ningemsamehe. Miaka tisa tumelala kitanda kimoja, kwani hata hilo hakulijua?"