Matope ya Gari Dogo

Jioni ile nilikuwa natoka soko la Kikuubo na chupa mbili za rangi ya kucha.

Tangu maduka ya Wahindi yafungwe, rangi za kupaka vigari vyangu vya mfano hazikupatikana tena Kampala. Niligundua kwamba rangi ya kucha nyekundu, ikichanganywa na masizi ya taa, inatoa kutu safi kabisa. Muuzaji alinifungia chupa katika gazeti huku akicheka.

"Mzee, leo bibi atafurahi."

Nilimwambia ndiyo. Ni rahisi zaidi kusema ndiyo.

Mke wangu Ayot alikuwa muuguzi. Alichukuliwa na Landrova ya kijani ya askari akitoka kazini, msimu wa mvua, na sikupewa hata maiti. Kwetu Acholi, mtu asiyezikwa nyumbani hatulii, wala waliobaki hawatulii. Nilisoma uhandisi Makerere, nikajiambia siamini mambo hayo. Hata hivyo nilizunguka mochari zote. Nilitembea msitu wa Namanve, walikotupwa maiti, nikifukua majani kwa fimbo. Nilitaka kitu kimoja tu cha kumpelekea mama yake kaskazini, Kitgum. Hata kiwe kidogo namna gani.

Saa za jioni, tangu zamani, nilizijaza kwa kutengeneza magari na ndege za vita, ndogo za kuenea kiganjani, kwa plastiki na bati. Kisha nikavichakaza: mikwaruzo, kutu, vumbi, matope. Gari jipya ni kichezeo. Gari lililochakazwa vizuri linaonekana limefika mahali.

Nilipopanda kilima cha Naguru, jua lilikuwa linazama. Mbele ya mlango wangu palikuwa na Landrova ya kijani.

Injini ilikuwa imezimwa. Lakini gari lilitikisika kidogo... likatulia... likatikisika tena. Kama mtu aliyekaa nyuma akibadili mkao.

Nyuma hapakuwa na mtu.

Dereva, askari, alikuwa amekaa kwenye ngazi yangu, kofia mikononi. Jirani yangu Mama Kaltumi, mjane wa Kinubi, alisimama uani kwake na ungo, akijifanya anapepeta mtama.

"Wewe ndiyo mwalimu ya gari kidogo?" aliuliza askari. "Mimi Koplo Saverio."

"Ndiyo mimi, afande."

"Tengeneza hii. Kila kitu iwe sawa. Namba, taa ya kuvunjika, yote. Na matope yake." Akanipa mkebe wa maziwa ya unga, mzito. "Hii nimekwangua chini ya gari. Weka hii hii."

"Matope halisi hayafai, afande. Chembe zake ni kubwa mno kwa gari dogo. Mimi hutumia chaki..."

"Mwalimu." Sauti yake ilishuka ikawa mnong'ono. "Mimi naosha hii gari kila asubuhi. Jioni matope inarudi. Nyuma inanuka mafuta ya wanawake."

"Nani yuko nyuma?"

Hakugeuka kutazama. "Mganga anasema abiria anataka gari yake. Matope itamwita, ataingia. Halafu mimi natupa ziwani. Basi." Alivaa kofia. "Nakuja Jumamosi. Isipokuwa sawa, wewe ndiyo utapanda hii kubwa."

Alipoondoka, Mama Kaltumi alisogea hadi uani kwangu.

"Mwanangu, mwaga hiyo kitu mbali."

"Ni matope tu, mama."

"Umesoma sana wewe. Lakini pua yako haikwenda shule."

Nilijenga gari. Bodi ya bati, turubai la shuka kuukuu, taa ya kushoto iliyopasuka. Likabaki suala la matope. Niliyakausha, nikayaponda, nikayachekecha kwa soksi ndefu ya nailoni ya Ayot, maana hakuna chekecheo laini kuliko hiyo. Unga mwekundu ulipita. Juu vikabaki mizizi, kokoto...

Na kifungo.

Kifungo cheupe, chenye matundu manne, moja limekwenda pembeni.

Nilikisogeza kwenye taa.

Kile kifungo nilikitengeneza mimi. Gauni lake la kazi lilipopoteza kimoja, nilimchongea kingine kutoka kipande cha plastiki kilichobaki nilipotengeneza ndege ya mabomu. Kekee ilinitelezea kwenye tundu la nne. Ayot alikishona, akajitazama kwenye kioo, akasema: "Sasa na mimi ni ndege ya vita. Wagonjwa watanitii."

Chumba kikanuka mafuta ya mti wa yao, yale wanayojipaka wanawake wa kwetu.

Nilichokitafuta Namanve kililetwa mlangoni kwangu, na Jumamosi kingetupwa ziwani.

Rafuni nilikuwa na Landrova nyingine, ya zamani. Niliipa namba ile ile, taa ile ile iliyopasuka. Nikaichakaza kwa udongo wa bustani yangu, chaki na rangi ya kucha, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Ile niliyoijenga, ya kweli, niliipaka matope ya mkebe. Kifungo nikakiweka nyuma, chini ya turubai. Nikaiacha mezani.

Asubuhi, juu ya unga wa chaki, palikuwa na alama za magurudumu. Gari lilikuwa limegeuka. Lilitazama kaskazini.

Jumamosi jioni Saverio alikuja. La kweli nilikuwa nimelificha chini ya kitanda. Aliinua la uongo, akalinusa, akapitisha ukucha kwenye matope.

Kok.

Sauti ilitoka chini ya kitanda.

Kok... kok.

"Nini hiyo?"

"Panya, afande."

Alitazama kitanda, kisha mimi. 

"Panya ya mwalimu," alisema mwishowe, "nayo inapiga hodi." Akacheka, akaenda.

Nilisimama dirishani. Landrova iliteremka kilima wepesi, bila kutikisika. Abiria alikuwa ameshuka.

Kitgum tulizika gari dogo katika sanduku la viatu, ubavuni mwa nyumba ya mama yake Ayot.  Mkwe wangu alishika kifungo, akakibusu, akakirudisha ndani. Harufu ya mafuta iliishia pale, pamoja na udongo wa mwisho. Usiku ule nililala kama mtoto.

Nilirudi Naguru nikidhani yamekwisha.

Mezani palikuwa na alama mpya za magurudumu. Gari halikuwapo tena, lakini alama zilikuwapo, zikizunguka mkebe wa Saverio.

Ndani yalikuwa yamebaki matope ambayo sikuwa nimeyachekecha, karibu nusu. Nilichukua soksi nikachekecha yote. Ufunguo mdogo. Kishikizo cha kiatu cha mtoto. Jino. Punje ya tasbihi.

Gari lile halikumbeba Ayot peke yake.

Nilimwonyesha Mama Kaltumi ile punje. Aliiweka kiganjani, akaifunika kwa kiganja kingine.

"Unamjua, mama?"

"Simjui. Lakini ni wetu huyu. Nipe, watu watamsomea dua." Akatazama vile vingine. "Na hawa?"

Niliwarudisha mkebeni.

Juzi nilikutana na Saverio njia ya Ntinda. Amenenepa. Alisimamisha gari akanipungia mkono. "Mwalimu! Dawa yako kali! Nalala vizuri sana!"

Mimi silali. Nimetengeneza Landrova nyingine, kisha nyingine, kila moja na matope yake na kimojawapo cha vile vitu nyuma. Kila jioni, kabla ya kuwasha taa, nauliza kwa sauti ndogo, "Kwenu ni wapi?" Moja ikigeuka, nitaipeleka inakotazama.

Jana nilipouliza, ziligeuka zote.

Zimetazama kitanda changu.