Dereva Aliyeendesha kwa Kugongewa

Ndugu zangu, mngepita shamba lile la kabichi asubuhi ya mavuno mngefurahi. Lori kuukuu linarudi nyuma taratibu kando ya matuta, na mwanamke anatembea ubavuni mwake akiligonga bodi kwa kiganja. Akigonga mara mbili, lori linarudi. Akigonga mara moja, linasimama papo hapo. Alikuwa mke wa dereva. Wapakiaji walimbatiza dereva huyo jina la Gonga, naye alicheka nao. Vioo vya pembeni vilijaa vumbi la miaka, kwani hakuwa na haja navyo. Watoto walishahamia mbali, wakabaki wawili hao na lori la shamba.

Basi mwenye shamba akapata wanunuzi mjini. Akamwambia Gonga kuwa shambani hakuna anayeulizwa leseni, lakini barabara kuu ina wenyewe. Aende chuo cha udereva, afanye mtihani, apate leseni ya magari makubwa.

"Mimi nikafundishwe usukani?" Gonga alimwambia mkewe jioni wakinywa chai. "Nikae darasa moja na watoto wa juzi?"

"Nenda, mume wangu. Sitakuwepo kila mahali kukugongea."

"Utakuwa umekwenda wapi?"

Mkewe alicheka, lakini hakuridhika. "Hata vioo hujui kuvitumia. Wewe unajua, na mimi najua."

Maneno hayo yalimchoma kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Gonga akatia pamba masikioni. Alimtafuta dalali, na haikupita wiki akawa na leseni bila kuukaribia mtihani. Mkewe aliigeuzageuza mkononi.

"Mtihani umeufanya lini?"

Gonga akajitia hasikii. Na sisi, jamani, tunawajua akina Gonga wangapi mitaani kwetu? Tunawapa mkono wa pongezi na kupanda magari yao.

Safari ya kwanza mkewe alikwenda naye, maana nani mwingine angemgongea? Soko lilifurika watu na mikokoteni. Walipofika penye kushushia mzigo, mkewe alishuka, akaona gunia limeanguka kwenye kona ya nyuma ya lori, upande wa dereva. Akainama kulivuta. Wakati huohuo mchukuzi mmoja aliyetaka kupishwa akaligonga bodi mara mbili. Gonga hakutazama popote. Alirudi nyuma.

Mkewe hakufa, tushukuru, ila mguu wake ulikatwa juu ya goti. Leseni ilipochunguzwa, Gonga akafungwa. Alipotoka, lori lilikuwa na dereva mwingine, na mkewe alikuwa amehamia kwa dada yake. Kila Jumapili Gonga huenda kumwona. Shemeji yake humpa kiti barazani, humwambia, "Amelala." Gonga hukaa, hunywa maji, huaga. Akirudi nyumbani huchemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, kisha humwaga kikombe kimoja. Hata mimi ninayemlaumu, upweke wake unaniuma.

Hatimaye alijiandikisha chuoni. Wale vijana aliowaogopa hawakumcheka, walimwita baba na kumpisha kiti cha mbele. Siku ya kujifunza kurudi nyuma, mwalimu alivifuta vioo kwa kitambaa.

"Mzee, tazama kioo cha upande wako kabla hujagusa gia. Unaona nini?"

Gonga alitazama. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameinama kwenye kona ya nyuma ya lori, akifunga kamba za viatu. Alionekana mwili mzima, hata vidole.

"Mzee, unamwona?"

"Namwona," alisema Gonga, akauinamia usukani akilia. "Kumbe angeonekana. Angeonekana mzima!"

Jumapili ile alikwenda barazani ili amwambie mkewe jambo hilo. Aliambiwa amelala.

FUNZO

Jamani, mtihani wa udereva umewekwa kwa ajili ya yule aliyesimama nyuma ya gari, na huenda huyo akawa mtu wako wa ndani. Usinunue unachopaswa kujifunza. Na mwenzako akikwambia hujui, msikilize angali karibu.