Kipimo cha Mbwa, Hukumu Yangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mmoja, nakaa Kirumba, na hadi leo nikisikia mtu anataja damu moyo unanienda mbio...

Viwanda vya samaki vilipoanza kuota huku Mwanza, kila tajiri alitaka mbwa wa ulinzi. Mume wangu, Masanja, akapata mbwa jike wa kizungu kutoka kwa fundi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Tukamwita Sofi. Kwa kuuza watoto wake, tulijua tumeula!

Uzao wa kwanza, watoto madume wakaanza kukakamaa miguu, wanarukaruka kama sungura, udenda unawatoka, hata uji hawamezi. Wakafa. Uzao wa pili, yale yale! Majirani wakasema ni mkono wa mtu. Daktari wa mifugo, mama mmoja wa Kihaya, akatoa damu ya Sofi, ikapelekwa Ulaya kupimwa.

Jibu liliporudi akatueleza kwamba ni ugonjwa wa misuli, wa kurithi. Sofi mwenyewe haumwi, ila ameubeba na anawapa wanawe, na wanaougua ni madume. Asizalishwe tena.

Tukarudi nyumbani, wakati huo tulikuwa tunakaa Pasiansi. Tulipoingia ndani akaniuliza taratibu, "Na wale wanangu wawili wa kiume, nani aliwaua?"

Jamani! Wanangu walikufa kwa degedege, na yeye ndiye aliyewabeba kuwapeleka hospitali! Lakini neno likishakuingia... Nikawa sikai, silali. Nafua naacha, napika naunguza. Je, kama ni kweli? Mawifi nao wakaanza kuniita Sofi.

Mwisho akaita wazee, akataka nirudi kwetu Magu na ng'ombe wa mahari warudishwe. Nikamkimbilia yule daktari, akaja kikaoni. Akawaamkia wazee, akasema kipimo kile kilikuwa cha mbwa tu, wala hakikunihusu mimi na wanangu.

Baba mkwe akamgeukia mwanawe. "Umesikia?"

"Nilijua tangu siku ile," Masanja akajibu. "Ila kuna binti anafanya kazi kiwanda cha samaki, ana mimba yangu, na hataki uke wenza."

Kumbe! Mimi nakonda kwa kujichunguza, mwenzangu anatafuta sababu! Niliondoka na sanduku langu, na Sofi nikamchukua, maana naye hakuwa anatakiwa tena.

Dada zangu, nawasihi. Mume akianza kukutafutia kosa ndani ya damu yako, usikimbilie kujikagua kama nilivyofanya mimi. Uliza kwanza jioni anapitia wapi.