Aliyekaa Kwenye Kiti cha Kipimo

Marehemu alilala chali kitandani, mikono imenyooshwa ubavuni. Damu ilikuwa imekauka puani na kwenye ufizi. Chini ya ngozi ya miguu kulikuwa na madoa mekundu, madogo kama vichwa vya pini.

Inspekta alizunguka kitanda mara moja. Hapakuwa na dalili za purukushani. Juu ya meza palikuwa na kipimajoto, kitambaa chenye maji na kadi ya chanjo.

"Ameuawa," mume alisema kutoka mlangoni. "Na aliyemuua tunamjua."

"Nani?"

"Pamba. Muuguzi wa zahanati."

Muuguzi huyo aliitwa Pamba kwa sababu hakukosa kipande cha pamba mfukoni mwa shati.

Dada mkubwa wa marehemu alikuwa amekaa sakafuni, watoto wawili wa marehemu wamemlalia mapajani. Alikuwa msimamizi katika kitalu cha miche, na marehemu alifanya kazi chini yake.

"Alimchoma chanjo ya dengi miezi saba iliyopita," alisema bila kuinua uso. "Leo mdogo wangu amekufa na dalili zilezile za dengi. Alimchoma kitu gani yule?"

Kufika mchana, vioo vya zahanati vilikuwa vimevunjwa kwa mawe na Pamba alikuwa mahabusu. Dada mtu aliandikisha maelezo ya kumshtaki, akaweka dole gumba chini ya karatasi.

Inspekta alimhoji Pamba, aliyekuwa peku kama mahabusu wengine.

"Ulimpima kabla ya kumchanja?"

"Nilimpima, afande. Chanjo ile hapewi mtu ambaye hajawahi kuugua dengi. Damu yake ilionyesha ameshaugua."

"Mumewe anasema hajawahi kuugua."

"Mashine haina mume, afande."

"Jibu vizuri."

"Nimejibu. Fomu zipo mbili, ya kipimo na ya chanjo. Zote zina dole gumba. Hata damu iliyobaki ipo kwenye friza. Na alipougua niliuliza nyumbani kwake, nikaambiwa alipimwa mwenyewe."

"Siku ya kipimo uliangalia sura yake?"

Pamba alikuna kichwa. "Walikuja wafanyakazi arobaini wa kitalu kwa mpigo. Kadi hazina picha. Mimi nilikuwa natazama mishipa."

Kesho yake daktari wa uchunguzi wa maiti alimwita Inspekta.

"Sumu hakuna," alisema akivua glavu. "Ni dengi. Virusi vyake viko aina nne, chukulia ni ndugu wanne. Akikushambulia wa kwanza, mwili unatengeneza kingamwili za kumkamata. Akija wa pili, zile kingamwili za zamani zinamshika, lakini haziwezi kumuua. Zinamwingiza ndani ya chembe za damu, na humo anazaana."

"Yaani askari anamfungulia adui geti."

"Na kumpigia saluti. Ndiyo maana homa ya pili huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza."

"Na chanjo?"

"Aliyekwisha kuugua inamsaidia. Ambaye hajaugua, chanjo inakuwa kama homa yake ya kwanza. Mbu akija kumng'ata, mwili unaona hiyo ni ya pili."

"Pamba anasema huyu alikwisha kuugua."

"Ile damu ya kwenye friza ni ya mtu aliyekwisha kuugua, kweli. Lakini ni kundi O. Marehemu ni kundi B."

Mtaalamu wa alama za vidole alizipanga fomu mbili mezani. Dole la fomu ya chanjo lilikuwa la marehemu. La fomu ya kipimo halikuwa lake. Inspekta alifungua jalada, akatoa maelezo ya kumshtaki Pamba. Mtaalamu aliinama na lenzi yake kwa dakika chache.

"Ndiye huyu," alisema.

Dada mtu aliletwa saa nne asubuhi. Aliziona zile karatasi, akavuta kiti bila kuambiwa.

"Mdogo wangu alikuwa akiona sindano anazimia," alisema. "Bosi alitaka kila mtu awe na kadi kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi nilimwombea mimi. Nikamwambia, wewe baki, sisi tumetoka tumbo moja, damu ni ileile. Nikaenda kukaa kwenye kiti chake."

"Wewe uliwahi kuugua dengi?"

"Zamani, kabla hajaolewa."

"Na siku ya chanjo?"

"Hiyo ilibidi achomwe mwenyewe. Nilimshika mkono mpaka ikaisha."

"Ulijua ni hatari?"

"Siku ile sikujua. Naapa."

"Ulijua lini?"

Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi.

"Siku ya tatu ya homa. Pamba alikuja nyumbani. Akaniuliza, dada, una hakika alipimwa mwenyewe? Kama si yeye, tumkimbize hospitali sasa hivi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema alipimwa."

"Marehemu alisikia?"

"Alinitazama tu. Akanyamaza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Tungefukuzwa wote wawili. Nikajiambia homa itashuka. Na asubuhi ilishuka kweli, nikafurahi. Jioni damu ikaanza kutoka."

"Pamba ulimsingizia kwa nini?"

"Watoto. Tangu afe mama yao wanalala kwangu. Baba yao akijua, atawaachaje kwa mama mkubwa wa namna hii?"

Inspekta aliandika mpaka mwisho, akamsomea, akampa wino.

Konstebo alimtoa Pamba mahabusu, viatu vyake mkononi. Mume wa marehemu, aliyekuwa akingoja kwenye benchi la ukumbini, aliinuka na kumkwida shati.

"Mwache, shemeji," dada mtu alisema, akitoka chumba cha mahojiano na Inspekta. "Aliniuliza, nikamdanganya. Kwenye kile kiti nilikaa mimi."

Mume aliwatazama wote, mkono bado umeng'ang'ania shati.

"Kiti gani?"

Inspekta angeweza kumweleza. Alisogea pembeni, akamwachia dada mtu aseme mwenyewe.