Macho ya Kahambu na Skrini ya Duka

Kila asubuhi Kahambu alifungua duka lao dogo katika mtaa wa Kabalagala, akafagia, akawasha kompyuta. Mpaka saa nane mchana alichora kadi za harusi na mabango. Kisha mumewe, Tresor, alishika zamu. Wateja wake walilipa kucheza mpira na mbio za magari kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ndivyo walivyoishi tangu watoke kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka.

Mwezi wa tatu skrini yao ikafa. Tresor akaleta nyingine.

"Hii ina kasi, Mama Estelle," alimwambia mkewe. "Mchezaji akikimbia haachi kivuli nyuma."

Wiki hiyo hiyo hofu ikamwingia Kahambu. Alichora bango la kwaya kwa rangi ya zambarau. Lilipotoka kwa mpiga chapa, lilikuwa la waridi. Akaomba radhi, akalirudia. Halafu kadi za ubatizo: kijani alichokiona kimekolea kikatoka kimefifia kama majani makavu.

Mama yake alianza kupofuka hivyo hivyo. Alishika kitambaa chekundu sokoni, akasema ni cha kahawia. Miaka miwili baadaye alikuwa anashikwa mkono kwenda chooni.

Kahambu hakumwambia mtu. Alijipima kwa siri. Alifumba jicho moja, akatazama ukuta. Akafumba la pili. Kila siku alidhani anaona giza linasogea. Tresor alipouliza mbona macho yake mekundu, alijibu, "Ni moshi wa makaa tu."

Siku moja alikuja Aloyo, askari polisi anayekaa kambini Kibuli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za polisi. Mdogo wake alikuwa anaolewa. Aloyo akatoa kipande cha kitambaa cha gomesi, gauni la sherehe, cha rangi ya zambarau.

"Nataka kadi za rangi hii."

Kahambu akaketi.

"Afande, tafadhali chagua rangi wewe."

"Mbona mimi? Si wewe ndiye fundi?"

Machozi yakamtoka. "Macho yangu yanakufa, afande. Kama ya mama."

"Bambi, pole sana! Umepimwa?"

"Hapana. Naogopa kuambiwa."

Aloyo akaivuta kompyuta karibu, akaweka zambarau kwenye skrini. "Itazame ukiwa umesimama. Haya, sasa inama."

Kahambu akainama. Zambarau ikageuka waridi mbele ya macho yake. Akaruka nyuma kwa woga.

Aloyo naye akainama. "Hata mimi naiona inageuka," akasema. "Macho ya watu wawili hayawezi kufa siku moja. Skrini hii ni ya kasi, si ya rangi. Ila mimi najua skrini tu. Macho yanajulikana na daktari. Mama yako alipofuka, kwa hiyo lazima upimwe hata kama huumwi."

Tresor aliporudi, Kahambu alimweleza yote.

"Ulibeba hofu hii peke yako?" Tresor aliuliza kwa huzuni. Kesho yake alimsindikiza hospitali. Kwenye foleni Kahambu aliinuka mara mbili akitaka kukimbia. Mara mbili Tresor alimshika mkono.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. "Macho ni mazima," alisema. "Yamechoka tu. Ukifanya kazi, kila baada ya dakika ishirini tazama kitu cha mbali kwa muda kidogo. Na uje kupimwa kila mwaka."

Jumamosi walikwenda na Aloyo kununua skrini. Picha ya zambarau waliibeba kwenye flashi. Muuzaji akawasifia skrini kubwa iliyopinda. Tresor akaanza kuipapasa.

"Soma boksi kwanza," Aloyo akasema. "Tafuta herufi IPS. Skrini za aina hiyo hazigeuzi rangi ukitazama kutoka pembeni. Halafu soma sRGB, kipimo cha rangi: iwe karibu asilimia mia. Hizo ni za mchoraji."

"Na mimi mwenye michezo?"

"Wewe soma Hz. Ni mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde moja. Kuchora, sitini inatosha. Kwa michezo tafuta mia na arobaini na nne. Ukifika nyumbani ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uiweke namba hiyo, la sivyo itabaki sitini."

"Kwa hiyo moja inatosha wote wawili?"

"Zipo. Ila si kila moja."

Waliipata, ya inchi ishirini na nne. Muuzaji akaiwasha, akafungua ile picha yao. Tresor akasimama kushoto, Kahambu kulia.

"Unaona rangi gani?" Kahambu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zambarau. Wewe?"

"Zambarau."

Hata hivyo hofu haikuisha siku hiyo. Safari hii Kahambu aliagiza kadi moja ya mfano ya harusi ya mdogo wake Aloyo kabla ya kuchapa zote. Mpiga chapa alipompa bahasha, alifumba macho. Akavuta pumzi, akayafumbua.

Kadi ilikuwa ya zambarau, imekolea.

"Chapa zote," akasema.