Jina la Hilja Kwenye Boriti

Kila alipotoka shule, Hilja alivua buti mlangoni, akanywa maziwa akiwa amesimama, akavaa overoli ya mama yake aliyoikunja miguuni, kisha akaenda gereji. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alasiri watoto wengine wa Alajärvi, mji wao mdogo wa nchi ya baridi, walikwenda kucheza mpira wa magongo. Yeye alikwenda kwenye gari.

Lilikuwa gari la kasi la rangi ya chungwa, la milango miwili, lenye pua ndefu na injini ya silinda nane. Babu yake alilinunua likiwa chuma chakavu. Mama yake, Sirkka, fundi wa mashine katika kiwanda cha mbao, ndiye aliyelifufua. Wakati wa kiangazi mama alilikimbiza kwenye uwanja wa mashindano, na watu walisimama juu ya viti kulitazama. Lakini majira ya baridi si yake. Barabara zetu humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hula bati kama mchwa alavyo mlango. Kwa hiyo kila Oktoba gari hulazwa, na sauti yake haisikiki tena mpaka Mei.

Ndani ya gereji, chini ya paa, kulikuwa na boriti nene. Aliyelilaza gari aliandika hapo jina lake na mwaka kwa chaki. Jina la babu lilikuwa pale mara nyingi, kisha likafuata la mama. Aliyeshika taa au kuleta kahawa hakuandikwa.

"Mwaka huu utalilaza wewe," mama alisema wakila supu ya samaki. "Mimi nitakupa spana tu."

Hilja aliweka kijiko chini. "Peke yangu?"

"Peke yako. Ukikosea, Mei itatuambia."

Kulaza gari si kulifunika shuka ukaenda zako. Kwanza walikwenda safari ndefu, mama akiendesha, mpaka injini ikapata moto wa kutosha kukausha unyevu wote. Gari likiwa bado moto, Hilja aliingia chini akamwaga oili ya zamani, nyeusi kama sukari iliyoungua, akatia mpya. Alijaza tangi la petroli mpaka shingoni ili hewa yenye maji isipate nafasi ndani. Aliosha matumbo ya gari akiwa amelala chali juu ya kadibodi, maji yakimwingia kwapani. Alikausha, akapaka nta, akaongeza upepo kwenye matairi. Hakuvuta breki ya mkono, kwa kuwa huganda. Aliweka vigingi vya mbao kwenye magurudumu. Mwisho alisokomeza nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, ndani ya ekzosi, bomba la kutolea moshi, ili panya wasihamie humo.

Mama alimulika kila mahali kwa tochi na hakusema neno. Kwa Sirkka, kunyamaza kulikuwa sawa na kukuvalisha medali.

"Imebaki betri," alisema Jumamosi. "Nakwenda dukani mara moja. Nikirudi tunaitoa, halafu unaandika jina."

Mama alipoondoka tu, akaja Urho, mtoto wa jirani, aliyesoma darasa moja na Hilja na ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Eti umelilaza wewe? Wewe uliyeanguka na baiskeli ikiwa imesimama?"

"Mimi mwenyewe. Muulize mama."

"Nitajuaje limelala? Labda ni marehemu."

"Marehemu wewe! Likinguruma, vikombe vinacheza kabatini kwenu."

"Maneno hayo. Liwashe tusikie."

Hilja alijua kabisa kwamba gari lililolazwa haliamshwi. Injini ikiwashwa kidogo tu, haipati moto. Inatoka jasho kwa ndani, na maji hayo yanakaa ndani ya oili na ekzosi, yakila chuma taratibu baridi nzima. Mama alimwambia hivyo tangu alipokuwa mdogo wa kuchezea nati. Lakini kifua chake kilikuwa kimejaa sifa, na Urho alikuwa anacheka. Akafungua milango ya gereji yote miwili, akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Gari likanguruma, ukuta ukatetemeka. Urho, aliyesimama nyuma ya gari, akapiga kelele kwa furaha. Halafu, puu! Donge la nyuzi za chuma likachomoka kwenye ekzosi, likapita karibu na sikio lake, likatua ndani ya ndoo ya matunda ya porini ambayo mama aliiacha nje.

"Limenipiga risasi!" Urho alilia, amelala kifudifudi.

Hilja alizima haraka. Wakatazamana.

"Basi, lirudishe humo," Urho akanong'ona, akijikung'uta. "Nani ameona?"

Hilja alilirudisha. Urho akajiendea kwao. Kila kitu kilionekana kama mwanzo, na hata mwenye tochi asingegundua kitu.

Mama aliporudi, Mzee Kalervo, dereva wa lori la chumvi, alikuwa akipita nje ya ua. "Sirkka! Gari liko ndani? Baridi inashuka leo. Alfajiri namwaga chumvi."

"Limelala. Kalilaza binti yangu."

"Huyu? Basi aje amlaze na mjukuu wangu, hajafumba jicho tangu Jumatatu!"

Mama alicheka kwa sauti, mkono wake begani kwa Hilja. Hilja hakucheka.

Walitoa betri, wakatandaza shuka juu ya gari. Mama akaweka kigoda chini ya boriti, akampa chaki. "Haya, fundi. Panda."

Hilja alipanda. Maandishi ya babu yalikuwa mbele ya pua yake, yamepinda kidogo. Akaandika H. Akaifuta ile H kwa kiganja.

"Mama, sijalilaza."

"Unasema nini?"

"Nililiwasha. Urho alinicheka, nikaliwasha asikie. Nyuzi za chuma zikaruka, nikazirudisha."

Mama alinyamaza. Safari hii haikuwa medali.

"Lilipata moto?"

"Hapana. Nilizima mara moja."

"Hapo ndipo ubaya ulipo. Mbona umeniacha nikujisifie kwa Kalervo?"

"Nilitaka jina langu liwe pale." Machozi yalimtoka, lakini hakushuka kigodani. "Bado nataka. Lakini si namna hii."

Mama alitoka nje, akatazama mbingu, akarudi.

"Chumvi inakuja alfajiri. Barabara ni safi jioni hii tu. Rudisha betri. Tunaanza upya, na 'tunaanza' maana yake wewe. Mimi nitaendesha, kwa sababu polisi hawatakuelewa."

Hilja alipita kwanza kwa jirani. "Wewe uliyepigwa risasi," alimwambia Urho, "njoo ushike mpira wa maji."

Walikwenda safari ndefu tena, mpaka injini ikapata moto sawasawa. Hilja akamwaga oili ambayo haikuwa hata na wiki, akatia ile iliyowekwa akiba ya masika. Akajaza tangi tena. Akalala tena juu ya kadibodi, maji ya baridi yakimchoma vidole mpaka vikawa vyekundu. Urho alishika mpira akitetemeka, na mdomo wake ukapata likizo ya kwanza maishani. Nyuzi za chuma zikarudi mahali pake. Betri ikatolewa, ikaingizwa ndani ya nyumba. Mama alimulika kila kona, kisha akaelekeza tochi kwenye boriti.

Hilja akaandika jina lake zima.

Mwezi wa Mei, theluji ilipokwisha na mvua kuiosha barabara chumvi yote, Mzee Kalervo alikuja kutazama. Hilja alirudisha betri, akachomoa nyuzi za chuma, akamkabidhi mama ufunguo. Injini ikashika papo hapo. Vikombe vya kahawa vikacheza mezani.

"Halikohoi hata kidogo!" Kalervo alisema. "Kumbe kweli ni huyu aliyelilaza?"

Mama alionyesha boriti. "Soma. Alililaza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza aliharibu akaniambia mwenyewe." Akamgeukia Hilja. "Sikiliza, mwanangu. Kosa ukilisema siku ileile, ni kazi ya jioni moja. Ukilificha, linafanya kazi yake gizani mpaka Mei. Kukosea hata mimi hukosea. Sina fundi bora kuliko anayelisema kosa lake mwenyewe."

Hilja alisimama wima ndani ya ile overoli kubwa. Kisha akamwona Urho amejibanza mbali, nyuma ya mti.

"Urho! Mbona huko? Si ulitaka kulisikia?"

"Nalisikia vizuri tu," Urho alijibu. "Nimeshapigwa risasi mara moja."